Kwa nini 1/35? Kipimo chenye kilizaliwa na pile mbili

Leo natoka kidogo mu mashamba. Kuna watu wenye kukusanya vifaru vidogo vya plastiki: unanunua vipande mu kartoni, unavigundisha mwenyewe, unapaka rangi. Najua, huku kwetu kifaru si kitu cha kuchezea. Lakini watu hao wako na swali lenye linatuhusu: kwa nini vifaru vyao vingi viko mu kipimo cha 1/35?

Tufanye hesabu. Ndege ndogo nyingi ziko mu 1/72. Hiyo inaeleweka: inchi 1 inasimamia futi 6, na futi 6 ni inchi 72. 1/48 vilevile, inchi 1 kwa futi 4. Lakini 35? Haitoki mu futi, na mu mita pia si namba nyepesi kama 50 ao 100.

Jibu liko Japani, mu mji wa Shizuoka. Kampuni ya Tamiya ilianza na biashara ya mbao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikatoa kifaru cha Kijerumani, Panther, chenye kutembea na motere. Hawakuanza na kipimo. Walianza na nafasi: ndani lazima pile mbili ziingie. Panther ya kweli ilikuwa na upana wa mita 3,27. Ile ndogo ikafika karibu sentimita 9. Ikauzwa sana. Shunsaku Tamiya alipotaka kutoa vifaru vingine vya kulingana nayo, njo akaipima, akakuta ni karibu 1/35.

Kampuni zingine, kama Italeri ya Italia na Dragon ya Hong Kong, zikafuata, kwa sababu mnunuzi anataka vifaru vyake vilingane. Leo vingi havina motere tena, lakini 35 imebaki. Hata mu kartoni za zamani za Tamiya mtu anakuta matundu chini ya kifaru, anashangaa. Yalikuwa ya swichi na motere.

Sisi wa agronomia tunajua jambo hilo. Kule Marekani, zamani, mistari ya mahindi iliachana karibu mita 1 ili farasi apite katikati. Trakta ilifika, farasi akaenda, na nafasi ile ikabaki bado miaka mingi mbele ya watu kushuka mpaka sentimita 76.

Kwa hiyo namba yenye tunapewa mu fakulte si kila mara sheria ya sayansi. Mara zingine ni alama ya chombo chenye kilishatoka. Tuulize mambo mawili: ilitoka wapi, na leo nini inaishikilia? 35 bado inasaidia, kwa sababu vifaru vyote vinalingana. Mita 1 ya farasi ilikuwa inapoteza shamba bure.

Na wewe, mu kazi yako, ni namba gani unafuata bila kujua farasi wake?