Kitenzi "Countervail" na Ushuru wa Forodha

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyowatatiza wafasiri wa sheria na nyaraka za biashara ni "countervail". Asili yake ni Kilatini: contra, yaani dhidi ya, na valere, yaani kuwa na nguvu. Maana yake ni kuikabili nguvu moja kwa nguvu nyingine ya kadiri ileile, hata athari ya ile ya kwanza ikatanguka. Kiini cha maana hiyo ni kadiri, nayo ndiyo ipoteayo upesi katika tafsiri.

Kuna wanaofasiri kwa kitenzi kupinga. Lakini kupinga hakuna kipimo. Tuangalie ushuru unaotozwa bidhaa iliyopewa ruzuku na serikali ya nchi itokako. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku, ulioanza kutumika mwaka 1995, wakataza ushuru huo kuizidi ruzuku iliyothibitishwa. Tuseme ruzuku ni shilingi 12 kwa kilo. Haijuzu kutoza 20. Ofisa asomaye "ushuru wa kupinga ruzuku" aweza kudhani kwamba ameruhusiwa kuadhibu.

Wengine husema kufidia. Neno hili lina kipimo, tena lina hoja ya kale: katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Esta 7:4, kitenzi chetu kimetumika kwa hasara ya mfalme isiyoweza kufidiwa. Ila fidia hulipwa aliyedhurika, na ushuru huingia katika hazina ya serikali. Marekani ilipotunga sheria mwaka 2000 ya kuwagawia wenye viwanda mapato hayo, Shirika liliamua mwaka 2003 kuwa sheria hiyo yavunja mkataba. Basi "ushuru wa fidia" wataja jambo lililokwisha kukataliwa.

Kwa maoni yetu kitenzi kusawazisha ndicho kifaacho, na istilahi iwe "ushuru sawazishi". Baharia hatahitaji maelezo: farumi haiuzuii upepo, bali hukipa chombo uzito wa kuuhimili, nayo ikizidi, chombo huzama.

Katika uchumi mambo ni mengine kidogo. John Kenneth Galbraith, katika kitabu chake cha mwaka 1952, alieleza jinsi nguvu za kampuni kubwa zinavyozusha nguvu za upande wa pili, kama vile wanunuzi wakubwa na vyama imara vya wafanyakazi. Hapo hakuna ashikaye mizani, na kusema kusawazisha ni kuahidi mno. Yatosha kuandika "nguvu za kukabili", na neno sawazishi waachiwe watu wa forodha.