Kufua Shaba Nyumbani: Utangulizi

Neno shaba kwetu limebeba vitu viwili. Ni madini mekundu yanayochimbwa Katanga, eneo ambalo kati ya 1971 na 1997 lilikuwa jimbo lililoitwa Shaba. Tena ni ule mchanganyiko wa manjano wa madini hayo na zinki. Kitabu hiki kinahusu shaba nyekundu peke yake, ikiwa bamba, na jinsi mtu anavyoweza kuifua kwa mkono uani kwake hadi iwe bakuli, birika au kifuniko cha taa. Karibu, hata kama hujawahi kushika nyundo.

Aliyepita Kamukunji, Nairobi, anaijua sauti ya mafundi wanaogonga mabati kutwa nzima wakitengeneza karai na masanduku. Kazi yetu ni ndugu ya ile. Vifaa vyake ni vichache: gogo la mti mgumu lililochimbwa kishimo cha duara, nyundo mbili tatu zenye nyuso laini, kichomeo cha gesi, koleo na ndoo ya maji. Bamba la unene wa milimita 1, lililokatwa duara la sentimita 20, linatosha kwa somo la kwanza.

Tulitazame bamba hilo likifuliwa. Fundi analilaza juu ya kishimo na kuanza kugonga karibu na ukingo, akilizungusha kidogo kila pigo, duara baada ya duara, akielekea katikati. Ukingo unaanza kujikunja kama marinda. Anayalaza marinda hayo mapema, kwa maana yakishalaliana hapo ndipo bakuli hupasukia. Mwanzoni mlio ni mzito na mfupi. Polepole unakuwa mkali, na nyundo inaanza kudunda. Mlio huo ni taarifa: shaba imechoka. Fundi anaiacha nyundo, anawasha moto.

Ndani ya shaba kuna fuwele ndogo ndogo, na tabaka za fuwele hizo huteleza moja juu ya nyingine kila tunapogonga. Kadiri zinavyoteleza ndivyo zinavyosongamana, mpaka zinakwama na bamba linakuwa gumu. Moto huzaa fuwele mpya zisizo na msongamano. Tunaipasha shaba kivulini, ambako jicho linaona rangi vizuri, hadi iwe na wekundu hafifu, kisha tunaitumbukiza majini. Mfua visu atashangaa, kwa kuwa chuma chake cha pua kikizamishwa hivyo hukakamaa. Shaba hutoka majini ikiwa laini.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Shaba ni samaki anayerudishiwa ubichi wake, si mara moja, bali kila inapohitajika. Nimefundisha kazi hii kwa miaka mingi, na naamini elimu yake yote imesimama hapo: kujua wakati wa kuacha kugonga. Bakuli langu la kwanza lilipasuka kwa sababu niliusikia ule mlio nikaupuuza.

Sura zinazofuata zinaeleza kuzamisha bamba kwenye kishimo, kulipandisha juu ya fuawe, kulisawazisha kwa nyundo iliyong'arishwa, na kutia bati ndani ya vyombo vya chakula, kwa kuwa ndimu, ukwaju na siki huyeyusha shaba na kuifanya sumu. Kuhusu tindikali ya kusafishia, shika hili tangu leo: mimina tindikali kwenye maji, usimimine maji kwenye tindikali.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, tafuta kipande cha shaba chembamba, upana wa kidole, urefu wa shibiri. Kipashe moto, kizamishe, kikunje kwa vidole; kitakubali. Sasa jaribu kukinyoosha palepale kilipokunjika. Ukaidi utakaoukuta ndiyo mada ya kitabu hiki. Kirudishe motoni, ujaribu tena.