Bunduki Nyepesi ya Msasi Mwenye Shoto

Katika jamii nyingi za ulimwengu, na sisi watu wa pwani tumo, mkono wa kuume umepewa heshima na mkono wa kushoto umeachiwa kazi za faragha, na mtoto aliyezaliwa na shoto hufunzwa tangu utotoni, kwa upole au kwa ukali, kula na kusalimia na kupokea kwa mkono usio ule alioumbiwa kuutegemea. Adabu hizo zina asili yake na hekima yake, wala si nia yetu kuzijadili. Lakini ziko kazi ambazo jicho, mkono na pumzi hukutana katika lahadha moja tu, na katika kazi hizo kumlazimisha mtu auache upande wake ni kumdhulumu yeye, na ikiwa kazi yenyewe ni usasi, ni kumdhulumu pia mnyama, ambaye badala ya kuanguka papo hapo atakimbia na jeraha lake akafe kwa adhabu mahali asipoonekana. Kwa sababu hiyo nasema kwamba mwenye shoto anayetafuta bunduki ya kuwindia na atazame kwanza kama inamkaa mwilini, kisha uzito wake, kisha bei. Na akiupindua utaratibu huu, yamkini atanunua mara mbili.

Tuchukue mfano wa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambako kuwinda kulungu wa mkia mweupe ni ada kongwe, hata shule nyingi za mashambani zilikuwa zikifungwa Jumatatu iliyofuata sikukuu ya Shukrani, siku ambayo msimu wa bunduki ulifunguliwa mpaka mwaka 2018, kabla ya ufunguzi kuhamishiwa Jumamosi mwaka uliofuata. Huko msasi hupanda vilima vya misitu kabla ya mapambazuko, katika baridi ya mwishoni mwa Novemba, amevaa koti zito na juu yake fulana ya rangi ya machungwa inayotakiwa na sheria, na mara nyingi mnyama humtokea baina ya miti kwa umbali usiofika mita 100. Sheria ya jimbo hilo haikubali bunduki zinazojipakia zenyewe katika kuwinda kulungu, kwa hiyo wengi hutumia bunduki ya bolti, yenye komeo la chuma ambalo mpigaji hulinyanyua, hulivuta nyuma ili ganda litoke, kisha hulisukuma mbele kuingiza risasi nyingine. Na hapo ndipo inapoanza taabu ya mwenye shoto, ambaye ni takriban mmoja katika kila watu 10.

Bunduki nyingi za bolti za leo zimefuata muundo uliokamilishwa na Mjerumani Paul Mauser mwaka 1898, na kishikio cha bolti yake kiko upande wa kuume. Mwenye shoto hukiweka kitako kwenye bega la kushoto, na shavu lake huegemea upande wa kuume wa bunduki, sentimita chache tu nyuma ya tundu la kutolea maganda. Akishapiga, hana budi kuuondoa mkono wake penye mtambo, kuupitisha juu ya darubini na kukitafuta kishikio kilicho upande wa pili, na katika kufanya hivyo kichwa hunyanyuka, kasiba huyumba, na jicho humpoteza mnyama wakati uleule anapohitaji kujua kama risasi ya kwanza imempata au imemkosa. Zaidi ya hayo, likitokea ganda kupasuka ndani ya bunduki, jambo ambalo ni nadra lakini si muhali, gesi ya baruti hutafuta tundu lililo karibu ili itoke, na tundu hilo liko upande ule ule wa uso wake.

Hata hivyo si kila anayeandika kwa mkono wa kushoto anastahili bunduki ya kushoto, kwa kuwa mwenye kulenga hasa ni jicho, na jicho lenye nguvu halifuati mkono siku zote. Njia ya kulijua ni rahisi, wala haihitaji mtaalamu: nyoosha mikono yote miwili mbele yako, ukutanishe viganja hata baina yake libaki tundu dogo, na kwa macho yote mawili uangalie kupitia tundu hilo kitu kilicho mbali, mathalani kitasa cha mlango, kisha fumba jicho moja, halafu jingine, na lile ambalo likibaki wazi kitasa hakihami, ndilo jicho lako la kulengea. Mwenye shoto ambaye jicho lake la kushoto ndilo lenye nguvu asisitesite. Ambaye mkono na jicho vinapingana, na aende kwanza penye uwanja wa kulengea shabaha, apige kwa mabega yote mawili chini ya uangalizi wa mwalimu, na ndipo aamue.

Zamani mtu wa namna hii hakuwa na njia ila kuzoea bunduki ya wenziwe au kumlipa fundi aigeuze kwa gharama kubwa. Mlango ulifunguliwa mwaka 1959, pale kampuni ya Savage ya Marekani, iliyokuwa imetoa bunduki yake ya Model 110 mwaka mmoja kabla, ilipoanza kuitengeneza bunduki hiyo hiyo kwa upande wa kushoto, kiwandani, kwa bei aliyoimudu mtu wa kipato cha kawaida. Wengine walifuata baadaye, na leo mwenye shoto ana hiari, ingawa hiari yake bado ni finyu: aghalabu kiwanda humtengenezea aina chache za risasi kuliko zile kinazowatengenezea wengine, na dukani hukuta bunduki moja ya upande wake penye safu nzima ya zile za kuume.

Sasa tuje kwenye uzito. Bunduki nyepesi ni neema kwa anayepanda vilima kutwa nzima, kwa maana bunduki hubebwa kwa saa nyingi na hupigwa kwa lahadha moja. Lakini neema hiyo ina dai lake, na dai hilo hulipwa na bega. Risasi ile ile ikipigwa kwa bunduki ya kilo 3.6 na kisha kwa bunduki ya kilo 2.7, nishati ya msukumo inayorudi begani huongezeka kwa thuluthi moja, na mpigaji aliyekwisha umizwa huanza kufumba macho na kuukurupua mtambo hata kabla baruti haijawaka. Kasiba nyembamba nayo hupata moto upesi, na baada ya risasi chache za mfululizo shabaha huanza kutawanyika; jambo hilo halimdhuru msasi, ambaye risasi yake ya maana ni ile ya kwanza kutoka katika kasiba baridi, ila inampasa alikumbuke anapojizoeza, aiache bunduki ipoe.

Dawa ya msukumo ni kuchagua risasi ya wastani. Katika mwaka 1952 ilitoka .308 Winchester, na kutokana na ganda lake zikazaliwa .243 Winchester mwaka 1955 na 7mm-08 Remington mwaka 1980, nayo 6.5 Creedmoor ilitoka mwaka 2007. Hizi tatu za mwisho zinamtosha kulungu bila kuliadhibu bega, na kwa kuwa ni fupi, huingia katika bunduki fupi iliyo nyepesi. Risasi kubwa za magnum katika bunduki ya kilo 2.7 ni majivuno yanayolipiwa kwa maumivu. Hapa kwetu Afrika Mashariki alipita Mskoti Walter Bell, aliyewinda tembo huko Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, tena katika nyingi za safari hizo alitumia bunduki nyepesi ya Mauser ya milimita 7. Hatumtaji kwa kumsifu kwa tembo aliowaua, wala sheria za leo haziruhusu kumwiga, bali kwa sababu alithibitisha kwamba mahali risasi inapoingia pana hukumu kubwa kuliko ukubwa wake.

Katika bunduki zinazopatikana kwa bei nafuu, mbili zinastahili kutazamwa kwanza, nazo ni Ruger American, yenye uzito wa kilo 2.8 hivi, na Savage Axis, inayokaribia kilo 3; zote mbili zimetengenezwa pia kwa upande wa kushoto, na swichi ya usalama katika zote mbili iko juu, nyuma ya bolti, penye dole gumba la mkono wowote. Bolti ya Ruger hunyanyuliwa kwa nyuzi 70 tu badala ya 90, na kwa hiyo mkono hupita chini ya darubini bila kukwama. Anayeweza kuongeza fedha na aiangalie Tikka T3x Lite ya Finland, ambayo nayo haifiki kilo 3, na bolti yake huteleza kwa ulaini ambao anayeishika mara ya kwanza huutambua mara moja. Vitako vya plastiki ngumu vya bunduki hizi havina uzuri wa mti wa jozi, lakini ni vyepesi na havivimbi kwa unyevu wala havipindi.

Na ambaye mfuko wake haufiki huko asikate tamaa, kwa kuwa ziko bunduki ambazo hazibagui mikono. Bunduki ya risasi moja inayokunjuka katikati huwafaa sawasawa mwenye kuume na mwenye shoto. Winchester ya 1894, iliyobuniwa na John Browning na kupakiwa kwa wenzo ulio chini, ni nyepesi na nyembamba, na zile za kale hutupa ganda juu moja kwa moja, ingawa kwa sababu hiyo hiyo haziwekeki darubini juu yake kwa urahisi. Marlin 336, iliyotoka mwaka 1948, hutupa ganda ubavuni upande wa kuume, na kwa hiyo hupokea darubini bila taabu. Katika msitu ambao mnyama huonekana kwa mita 60 au 70, bunduki hizi hazina upungufu wowote.

Bei iliyoandikwa kwenye kibandiko si bei kamili, na hapo wengi hughafilika. Darubini, vishikizo vyake, mkanda wa begani na risasi za kujizoezea vyote vina gharama, na heri mtu anunue bunduki ya chini akabakiza fedha za risasi kuliko kununua ya juu asiweze kujizoeza nayo. Darubini ya kukuza mara 3 hadi 9 inatosha kabisa. Ile kubwa ya nusu kilo na zaidi hurudisha uzito uleule uliolipiwa ili uondolewe. Anayenunua iliyokwisha tumika na aichunguze kasiba kwa mwanga, atafute kutu na mikwaruzo, autazame mdomo wake kama haukugongwa, na aiangalie misumari ya parafujo, kwa maana vichwa vilivyochakaa huonyesha mkono wa fundi asiyejua.

Kisha aijaribu dukani, baada ya kuhakikisha yeye na muuzaji kwamba haina risasi na kuielekeza kasiba mahali salama. Avae koti atakalowindia, kwa kuwa kitako kinachofaa kwa shati huwa kirefu mno kwa koti la baridi. Afumbe macho, aipandishe bunduki begani kama anayelenga, kisha afumbue. Akiona duara zima la darubini bila kukisogeza kichwa, bunduki hiyo inamkaa, na akiona kivuli upande mmoja, ama kitako ama darubini haikumfaa. Na aifanyie bolti kazi mara kadhaa bila kuondoa shavu, kwa kuwa hilo ndilo alilolilipia.

Nchini Kenya usasi ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Tanzania unaruhusiwa kwa leseni na kwa kanuni zinazotofautisha mnyama na mnyama na risasi na risasi. Kila msomaji na aijue sheria ya mahali alipo kabla ya kugusa senti. Lakini popote pale sheria inapomruhusu, mwenye shoto hana sababu ya kuona haya kwa kudai kifaa cha upande wake, wala haombi hisani anapokidai. Anadai uwezo wa kupiga risasi moja iliyotulia, mahali panapopasa, na hiyo ni haki ya msasi kwa kadiri ilivyo haki ya mnyama.