Tufunge Gari, Kisha Tumtegemee Mwenyezi Mungu

Siku ya Ijumaa, inapokaribia saa saba mchana, barabara zipitazo mbele ya misikiti mingi ya Dar es Salaam hujaa magari pande zote mbili. Khutba imekwisha kuanza. Aliyechelewa hubana gari lake penye upenyo, hushuka mbiombio, na hubonyeza rimoti akiwa amekwisha kulipa gari mgongo. Akirudi baada ya swala hukuta milango haikuvunjwa wala kioo hakina ufa, lakini mkoba na simu vimetoweka. Hapo husema kwa mshangao, "Mbona nilifunga!"

Huenda alibonyeza tu, gari halikufunga. Rimoti hutuma amri kwa mawimbi ya redio, na mwizi aliyesimama jirani aweza kuwa na kifaa kidogo kinachorusha mawimbi ya masafa yale yale. Amri haifiki, milango hubaki wazi, na mwizi hana haja ya kuvunja kitu. Kinga yake haigharimu hata senti: tusubiri tusikie milango ikijifunga, kisha tuvute kitasa kwa mkono. Mlango ukifunguka, tufunge kwa ufunguo wenyewe, au tuhamie mahali pengine.

Magari yanayowaka kwa kitufe, bila kuchomeka ufunguo, yana hatari yake. Wezi wawili hushirikiana: mmoja hupita karibu na mwenye gari akiwa na chombo cha kunasa mawimbi ya ufunguo ulio mfukoni, na mwenziwe huyapokea kando ya gari. Gari hudhani mwenyewe amefika, likafunguka na kuwaka. Ufunguo wa namna hiyo tuuweke katika mfuko maalumu unaozuia mawimbi, na tuujaribu: tukisimama na mfuko huo kando ya gari, mlango usikubali kufunguka.

Hila za kale nazo hazijafa. Mtu hutuashiria kwamba tairi limeisha upepo. Tukishuka kutazama, mwenziwe huchukua mkoba upande wa pili. Wengine hung'oa saiti mira kwa sekunde chache. Basi tusiache mkoba kitini wala kadi halisi ya gari ndani, na tuchore namba za gari kwenye vioo na taa. Kufuli la usukani, au swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta, humchelewesha mwizi, naye hachukii kitu kama kuchelewa. Tukumbuke pia kwamba bima ndogo haimlipi aliyeibiwa gari. Hulipa madhara tunayowasababishia wengine.

Lililo zito kuliko yote ni mtoto. Mzazi husema, "Nanunua mkate tu, dakika moja," akamwacha mwanawe usingizini, injini ikinguruma ili kiyoyozi kisizimike. Mwizi anayeruka ndani hatazami kiti cha nyuma. Na injini ikizimwa, joto la gari lililofungwa juani hupanda upesi hata likaweza kuua. Gari hulipika, mtoto halipiki. Tushuke naye, hata akilia.

Tirmidhi amepokea hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Aliagizwa amfunge, kisha ategemee. Twaijua sote, na mara nyingi twaisimulia huku rimoti i mkononi.

Lakini kufunga milango yetu ni nusu ya kazi. Saiti mira iliyong'olewa nje ya msikiti haina thamani kwa mwizi mpaka apatikane mnunuzi. Tunaponunua kwa bei ya chee, bila stakabadhi wala kuuliza kilikotoka kitu, tunamlipa ujira aliyetuibia jana. Pengine kioo tulichofunga leo ni cha jirani yetu wa safu ya mbele. Mlango huo hauna rimoti. Twaufunga wenyewe, kwa kukataa kununua.