Simu Mbovu na TV ya Bosi: Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Nyumbani au Kutupa

Chini ya vitanda vya wafanyakazi wengi ughaibuni kuna begi moja lisilofunguliwa. Ndani mna simu mbili zilizopasuka kioo, chaja ambazo hazijulikani ni za nini, pawabenki iliyovimba, labda na tableti iliyoachwa na mtoto wa bosi. Mwenyewe ukimuuliza anakwambia, "Hizo nitatuma nyumbani na kontena." Miaka miwili inapita, begi lipo palepale, na mkataba unakaribia kuisha.

Makala hii inahusu begi hilo. Njia ni tatu tu: kuuza, kutuma nyumbani, au kupeleka kwenye kituo kinachokusanya vifaa vibovu vya umeme. Ukichagua vibaya unaweza kupoteza hela nyingi kuliko thamani ya kifaa chenyewe. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza, ni chako kweli?

Dada unayefanya kazi za ndani, hili ni lako. TV iliyowekwa nje karibu na pipa bado inaweza kuhesabiwa kuwa mali ya mwenye nyumba. Ukiichukua bila ruhusa, halafu baadaye mkakosana, inaweza kugeuzwa kesi ya wizi, na kesi ya namna hiyo inaweza kukutoa nchini bila hata mshahara wako wa mwisho. Madam akikupa kitu kwa mdomo, mshukuru kwa ujumbe wa WhatsApp: "Asante madam kwa TV uliyonipa leo." Akijibu, hata kwa neno moja, ihifadhi hiyo meseji. Piga na picha ya kifaa.

Kaka wa saiti, vivyo hivyo. Vipande vya nyaya za shaba na drili zilizoungua ni mali ya kampuni mpaka msimamizi aandike kwamba amekupa. Shaba ya dola 20 haina thamani ya kazi yako.

Pili, kama kinauzika, uza sasa

Simu ni kama samaki, kila siku inayopita bei inashuka. Simu inayowaka, hata kama kioo kimepasuka, ina mnunuzi leo. Mwakani huenda asiwepo. Ulizia bei maduka mawili au matatu ya simu za mitumba, kisha ichukue ile hela uitume au uiweke akiba. Hela iliyoko kwenye akaunti haioti kutu.

Tatu, hesabu ya kutuma nyumbani

Hapa ndipo watu wengi wanaumia. Tuseme TV ina kilo 15 na wakala wa mizigo anatoza dirhamu 8 kwa kilo. Hiyo ni 120. Weka 30 za boksi na kufungasha, inakuwa 150. Ikifika bado kuna usafiri wa kuifikisha kijijini, na kama ilikuwa na hitilafu, kuna fundi. Kabla hujalipa, mpigie mtu wa nyumbani akaulize bei ya TV kama hiyo ya mtumba mtaani kwenu. Mara nyingi utakuta zile 150 ukizituma taslimu zingewafaa zaidi, na zingefika leoleo.

Halafu kuna mambo manne ya kuangalia:

Umeme. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120. Tanzania ni 230, Kenya ni 240. Blenda au maikrowevu ya Texas ukiichomeka Kisumu bila transfoma, inaungua. Soma maandishi madogo nyuma ya kifaa au kwenye chaja: ikiandikwa 100–240V, haina shida. Walioko Saudia, volti zinakaribiana na za kwetu, ila umeme wa huko ni wa hezi 60 na wa kwetu ni hezi 50. Friji au mashine ya kufua iliyotengenezwa kwa 60 pekee inaweza kupata joto na kuchoka mapema.

TV ya chogo. Ile yenye mgongo mkubwa usiitume kabisa. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analogia Desemba 2012, na Kenya ilizima 2015, kwa hiyo bila king'amuzi haioneshi kitu. Juu ya hayo, kioo chake kina madini ya risasi, sumu ambayo hutaki ibaki uani ambako watoto wanacheza.

IMEI ya simu. Bonyeza *#06# uione. Tanzania ilizima simu zenye IMEI bandia Juni 2016. Kenya nayo ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 abiria anayeingia na simu angetakiwa kutaja IMEI yake kwenye fomu ya forodha. Simu isiyo na IMEI halali usiipe nafasi kwenye begi.

Sheria ya mizigo. Kifaa kinachofanya kazi ni mtumba. Kilichokufa ni taka. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki, hata zile zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka mpaka nchi inayopokea ikubali kwanza. Kwa hiyo wakala anayekwambia "weka tu, fundi atatengeneza" anakuweka kwenye hatari ya mzigo wote kuzuiwa, pamoja na nguo na sabuni za mama.

Nne, kilichobaki kipeleke kituoni

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nyingine huishia kwenye droo, jalalani, au kwenye moto wa vijana wanaochoma nyaya ili watoe shaba. Moshi ule ni sumu, na mara nyingi anayeuvuta ni mtoto wa maskini mwenzetu.

Kituoni kifaa hufunguliwa kwa mkono, betri hutolewa kwanza, kisha plastiki, chuma, alumini na shaba hutenganishwa. Zile bodi za ndani huenda kwenye viwanda vya kuyeyusha, kama vile vya Ubelgiji, Uswidi na Japani, ambako dhahabu na fedha hutolewa. Ndiyo, simu ina dhahabu, lakini ni punje ndogo sana, sehemu ndogo tu ya gramu moja. Video za kutoa dhahabu kwa asidi jikoni achana nazo. Utapoteza macho kabla hujapata pete.

Usitegemee kulipwa. Sehemu nyingi gharama hiyo hubebwa na watengenezaji au wauzaji kwa mujibu wa sheria, ndiyo maana wewe unapeleka bure.

Upeleke wapi?

Uingereza: halmashauri nyingi zina kituo cha taka za majumbani kinachopokea vifaa vya umeme. Maduka makubwa ya vifaa vya umeme, yenye eneo la mauzo la zaidi ya mita za mraba 400, yanatakiwa kupokea bure kifaa chochote kidogo kisichozidi sentimita 25 hata kama hununui kitu. Betri ndogo utaona masanduku yake kwenye supamaketi kubwa.

Marekani: matawi ya Best Buy hupokea vifaa vingi, hadi 3 kwa nyumba moja kwa siku, kwa TV majimbo mengi wanatoza ada, kwa hiyo uliza kwanza. Kaunti na miji mingi nayo ina siku maalumu za kukusanya. Jimbo la New York limepiga marufuku kutupa TV na kompyuta kwenye taka za kawaida tangu 2015.

Falme za Kiarabu: Dubai kuna kiwanda kikubwa cha Enviroserve, kilichofunguliwa 2019, na Sharjah kuna BEEAH. Mahali pengine Ghuba, uliza baladia au duka kubwa la vifaa vya umeme kama lina sanduku la kukusanyia.

Huna ruhusa ya kutoka? Mwombe madam au dereva avipeleke wakienda dukani. Mlioko kambini, wekeni boksi moja la chumba kizima na mzungumze na ofisa wa usalama wa kampuni. Kampuni nyingi tayari zina mkandarasi wa taka.

Na kwa watu wa nyumbani: Nairobi kuna WEEE Centre, na Rwanda kuna kiwanda cha Bugesera. Lakini vijiji vyetu vingi havina kituo karibu. Kifaa kikifia huko ndipo kitakapobaki, na hii ni sababu nyingine ya kutotuma kilicho mahututi.

Tano, futa kabla hujakitoa mkononi

Hili usiliruke, kwa sababu simu ya zamani bado inajua namba yako ya benki, picha ya pasipoti na sauti ya mama yako. Fuata mpangilio huu:

1. Hamisha kwanza programu ya benki na ya pesa za simu kwenye simu mpya, uhakikishe zinafunguka. Ukifuta kabla ya kuhamisha unaweza kujifungia nje ya akaunti yako.
2. Hamisha WhatsApp na picha.
3. Toa laini zote, hasa ile ya nyumbani inayopokea namba za uthibitisho za benki, na kadi ya kumbukumbu.
4. Kwenye iPhone, zima Find My na utoke kwenye akaunti. Kwenye Android, ondoa akaunti ya Google. Usipofanya hivyo, simu itabaki imefungwa kwa jina lako na mnunuzi atakurudia.
5. Sasa nenda kwenye mipangilio, uirudishe kama ilivyotoka kiwandani.

Kama simu haiwaki, ingia kwenye akaunti yako kwa simu nyingine, iondoe ile mbovu kwenye orodha ya vifaa, na ubadilishe nywila. Usiipige nyundo, ndani kuna betri.

Mwisho, betri

Betri ya lithiamu iliyovimba ni moto unaosubiri. Usiichaji, usiitoboe, usiitupe kwenye pipa, maana ikibanwa kwenye lori la taka hulipuka. Iweke mbali na godoro, ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, uipeleke kituoni mapema na useme wazi kwamba imevimba. Pawabenki nzima unayosafiri nayo ikae kwenye begi la mkononi. Kwenye mzigo wa chini ya ndege hairuhusiwi. Iliyoharibika usipande nayo kabisa.

Siku yako ya mapumziko ijayo, fungua lile begi utenge mafungu matatu: la kuuza, la kutuma, la kituoni. Saa moja inatosha. Kilichouzika kitaongeza akiba, kilichopelekwa kituoni kitakuokolea nauli ya mizigo, na siku mkataba ukiisha utafungasha mali tu.