Je, Wajua? Aliyeshika mkia ndiye aliyekuja kuwa mkuu

Taasisi ya Gurdon ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, inayochunguza seli na saratani, ina jina la mtu aliyeshika mkia darasani. Mwaka 1949, akiwa shuleni Eton, John Gurdon alikuwa wa mwisho kati ya wanafunzi 250 katika biolojia; mwalimu akaandika kuwa nia yake ya kuwa mwanasayansi ni upuuzi. Ripoti hiyo aliitia fremu akaiweka ofisini!

Mwaka 1962 alionyesha kwamba kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, kikipandikizwa katika yai la chura lililoondolewa kiini chake, huweza kukuza kiluwiluwi kipya. Chura mwenyewe ni wa Afrika. Taasisi, aliyoiasisi na wenzake mwaka 1989, aliiongoza hadi 2001. Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo ya vyura aliipata 2012.