Ziba Ufa Mapema: Njia ya Ajaili Katika Kutengeneza Programu za Kompyuta

Siku hizi hospitali, shule na ofisi nyingi za miradi hutunza kumbukumbu na mahesabu yao kwa programu za kompyuta. Baadhi ya programu hununuliwa zikiwa tayari, na nyingine hutengenezwa kwa kuagizwa. Katika hizo za kuagizwa ndipo fedha nyingi huweza kupotea. Sisi waratibu wa miradi tumezoea mpango kazi wa miaka mitatu, wenye kila shughuli na mwezi wake. Je, mpango wa namna hiyo unafaa kwa kazi ya kutengeneza programu? Katika makala hii tunaeleza njia iitwayo ajaili, maana yake wepesi wa kubadilika, kwa faida ya wale ambao si wataalamu wa kompyuta lakini ndio wanaoagiza na kulipa.

Njia ya zamani na tatizo lake

Kwa miaka mingi programu zilitengenezwa kama nyumba inavyojengwa: kukusanya mahitaji yote, kuchora, kuandika programu, kuijaribu, kisha kukabidhi. Njia hii huitwa maporomoko ya maji, kwa kuwa kazi hushuka hatua kwa hatua na haitarajiwi kupanda tena. Tatizo ni kwamba mtumiaji mara nyingi hajui vizuri anachohitaji mpaka akione na kukitumia. Akikiona kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, kosa lililoingia mwezi wa kwanza limekwisha kujengewa juu yake mengine mengi.

Mfano unaojulikana ni wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Mwaka 2001 lilianza kutengenezewa mfumo wa kutunza mafaili ya kesi, ulioitwa Virtual Case File. Mahitaji yaliandikwa katika kitabu cha kurasa zaidi ya 800, na hata hivyo yaliendelea kubadilika. Mfumo ulipokabidhiwa mwishoni mwa mwaka 2003 ulikutwa na kasoro nyingi. Mwaka 2005 uliachwa kabisa, baada ya kugharimu takriban dola milioni 170.

Ajaili ni nini?

Februari 2001, wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi. Kwa kifupi walisema kwamba watu na mazungumzo yao wapewe uzito kuliko taratibu na vifaa. Programu inayofanya kazi kuliko makabrasha. Ushirikiano na mteja kuliko mabishano ya mkataba. Na kukubali mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Ni vema ikumbukwe kuwa hawakusema mipango na mikataba haina maana. Walisema tu kipi kitangulie.

Inavyofanyika

Utaratibu unaotumika sana ni Skramu, ambao Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliuwasilisha hadharani mwaka 1995. Jina limetoka katika mchezo wa raga, pale wachezaji wanaposhikamana kugombea mpira. Hatua zake ni hizi:

1. Mtu mmoja anayewakilisha watumiaji huandaa orodha ya mahitaji, lenye faida zaidi likiwa juu.

2. Timu ndogo, kwa kawaida isiyozidi watu 10, huchagua machache ya juu na kuyafanyia kazi katika kipindi kifupi kiitwacho sprinti. Mara nyingi ni wiki mbili, na hakizidi mwezi mmoja.

3. Kila siku timu hukutana kwa dakika zisizozidi 15 kuangalia kazi ilipofikia na kilichokwama.

4. Mwisho wa sprinti, wadau huonyeshwa sehemu iliyokamilika ikifanya kazi. Maoni yao huingizwa katika orodha.

5. Timu hujitathmini yenyewe, kisha sprinti nyingine huanza.

Matokeo yake

Turudi FBI. Mwaka 2006 shirika hilo lilianza mradi mwingine, Sentinel, chini ya mkandarasi. Nao ulichelewa na gharama zikapanda. Mwaka 2010 FBI ilichukua usimamizi yenyewe, ikapunguza idadi ya watu na kufanya kazi kwa sprinti za wiki mbili. Oktoba 2011 mamia ya watumishi waliitwa kuujaribu mfumo, na ukazima kwa sababu mitambo ilizidiwa. Tatizo hilo lilijulikana kabla ya uzinduzi, likashughulikiwa, na Julai 2012 mfumo ulianza kutumika. Ulikuwa umepita tarehe iliyopangwa mwanzo, lakini ulifanya kazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ajaili ni namna ya kuuona ufa mapema.

Tahadhari

Ajaili si kufanya kazi bila mpango. Inadai zaidi kwa mteja kuliko njia ya zamani, maana lazima atoe mtu mwenye muda na mamlaka ya kuamua. Mtu huyo asipohudhuria, timu hubaki ikikisia. Aidha, mikataba mingi huorodhesha kila kitu tangu mwanzo, hivyo ni lazima mfadhili na mtengenezaji wakubaliane mapema jinsi mabadiliko yatakavyopokelewa na kulipiwa.

Kwa hiyo tunawashauri wote wanaotaka kuagiza programu wajiulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi. Je, tutaonyeshwa nini baada ya wiki mbili, na kila wiki mbili zinazofuata? Nani kwetu atakaa na timu? Na fedha zikiisha katikati, tutakuwa na sehemu inayofanya kazi, au makabrasha tu? Mtengenezaji asiyeweza kujibu swali la kwanza, asipewe malipo ya awali mpaka amelijibu.